Samaki Walianza Kupungua Lini? Ushahidi wa Tope la Ziwa Tanganyika

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye fungu la dagaa. Jumamosi moja sokoni hapa Nyarugusu, mama mmoja alikuwa amepanga mafungu yake juu ya gunia, na mzee mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Ubwari kule Fizi, akasimama kuyaangalia. Akauliza bei. Alipotajiwa akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Hizi ndagala," akasema, "sisi kule kwetu tulikuwa tunazimwagia kuku."

Kijana mmoja wa kundi langu akamjibu, "Babu, kwenu kila kitu cha zamani kilikuwa kingi." Watu wakacheka. Mzee akanyamaza, ila waliokuwa karibu hawakunyamaza. Mmoja akasema mzee ana haki, lakini walioharibu ni hawa wa upande huu, wenye maboti ya injini. Jirani yetu Mrundi akasema hapana, ni nyinyi Wakongomani, mnavua kwa chandarua mpaka mayai ya samaki mnayatoa. Na bwana mmoja aliyekuwa ameleta mzigo kutoka Kigoma akamaliza kwa kusema kile ambacho tumekisikia mara nyingi: tangu wakimbizi walipokuja, ziwa limekwisha.

Hapo pakachemka. Kwa sababu mimi ndiye ninayesimamia vijana, waligeuka kwangu wakitaka hukumu. Sikuwa nayo. Nimemaliza sekondari hapa hapa kambini, na kwenye jiografia tulifundishwa urefu wa ziwa na kina chake, basi. Hakuna aliyetufundisha samaki walianza kupungua lini. Na ukiangalia vizuri, ugomvi wote wa siku ile ulikuwa juu ya neno hilo moja: lini. Kama walianza kupungua miaka ya 1990, basi bwana wa mzigo anaweza kutunyooshea kidole sisi. Kama walianza injini zilipokuja, kidole kinaelekea kwingine. Ukijua lini, umeshakaribia kumjua nani.

Nikaanza kutafuta, kwa simu na kwa kuuliza wenye kujua. Nikakuta kuna watu waliouliza swali letu hilihili miaka mingi kabla yetu, na hawakumwuliza mzee wala mvuvi. Waliuliza tope.

Jinsi ziwa linavyoweka kumbukumbu

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Duniani ni ziwa moja tu la Baikal, huko Urusi, linalolizidi kwa kina. Umri wake wanaukadiria kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Na katika muda wote huo kuna kitu ambacho hakijasimama hata siku moja: vitu vinaanguka chini. Udongo wa mito, vumbi la upepo, majivu ya milima iliyochomwa moto, maganda ya mwani, magamba ya samaki, meno yao, mifupa yao. Vinazama polepole mpaka sakafuni na kulala juu ya vile vilivyoanguka mwaka jana. Wataalamu wanayaita mashapo. Sisi tuseme tope, tutaelewana.

Maziwa yote yana tope, lakini tope la Tanganyika lina bahati yake. Kwenye maziwa mengi minyoo na konokono wanaishi chini kabisa, nao wanachakura matabaka kama kuku wanavyoparua uwanja uliofagiliwa. Cha juu kinakwenda chini, cha chini kinakuja juu, na habari zinachanganyika. Tanganyika si hivyo. Kuanzia mita 100 hivi upande wa kaskazini, na mita 200 au zaidi kusini, maji hayana oksijeni. Mnyoo hawezi kuishi huko. Kilichoanguka kinabaki kilipoangukia.

Sehemu nyingine matabaka yanaonekana kwa macho tu, mstari mweupe, mstari mweusi. Mweupe ni wa kiangazi, wakati upepo unavuma na mwani wenye ganda gumu kama kioo unakua kwa wingi. Mweusi ni wa masika, wakati mito inaleta udongo. Mweupe mmoja na mweusi mmoja, umehesabu mwaka.

Na mwaka ni mwembamba. Kwenye maji marefu, tope la mwaka mzima mara nyingi halifiki hata milimita moja. Yaani mzee wetu wa Ubwari, ambaye amepita miaka 70, maisha yake yote kwenye sakafu ya ziwa hayajai upana wa kiganja changu. Kuzaliwa kwake, ndoa yake, vita, kuvuka, miaka yote ya kambini. Chini ya kiganja hicho kuna babu yake, na chini ya babu kuna watu ambao hata majina yao hatuna.

Kulisoma tope

Kulitoa si kazi ya maajabu. Unakwenda na boti mpaka mahali ulipochagua, unashusha mrija kwa kamba au kwa waya. Uzito wake unauzamisha kwenye tope, mdomo unajifunga, unauvuta juu. Kazi ngumu ni kutolivuruga tope la juu, maana ni laini kama uji, na ndilo lenye habari zetu sisi tulio hai. Ukifika nchi kavu una nguzo ya tope, ya leo juu na ya kale chini. Unaikata vipande vyembamba, kimoja kimoja, na kila kipande unakipa namba.

Kisha lazima ujue kila kipande ni cha mwaka gani. Hapa wanatumia saa ya ajabu kidogo. Kuna aina ya risasi inayodondoka kutoka hewani, inaitwa risasi-210. Ikishafunikwa na tope inaanza kujimaliza yenyewe, na kila miaka 22 hivi inabaki nusu. Mfikirie mtoto aliyeachwa na sufuria ya maharage, kila saa anakula nusu ya yaliyobaki. Ukirudi ukakuta nusu, umekaa saa moja. Ukikuta robo, saa mbili. Risasi hiyo inafaa kwa miaka 100 mpaka 150 ya karibuni, kisha inakuwa kidogo mno kupimika. Kwa miaka ya nyuma zaidi wanatumia kaboni-14, ambayo inachukua miaka 5,730 kubaki nusu.

Baada ya hapo ni kuosha, kuchuja na kuhesabu. Magamba na meno ya samaki yanahesabiwa. Maganda ya konokono yanahesabiwa. Maganda ya ostrakodi pia, ambao ni viumbe wa ukoo wa kamba wanaoishi ndani ya ganda la pande mbili, wengi wao wadogo kuliko punje ya mtama. Kipande kikiwa na magamba mengi kuliko cha juu yake, unajua miaka ile samaki walikuwa wengi kuliko miaka iliyofuata. Kazi ya kuchosha macho, lakini hata kijana wa kundi langu angeiweza akifundishwa.

Karatasi zinaanzia wapi

Mtu atauliza, kwa nini tuhangaike na tope wakati kuna vitabu? Nilijiuliza hivyo pia. Basi tuone vitabu vinasema nini.

Wazungu wa kwanza kuandika juu ya ziwa hili kwa kuliona ni Burton na Speke, waliofika Februari 1858. Hawakulivumbua. Ujiji ilikuwa tayari soko, wafanyabiashara wa pwani walikuwapo, na watu wa kando ya ziwa walikuwa wanavuka kwa mitumbwi tangu zamani. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, wakapiga makasia pamoja mpaka kaskazini kuuangalia mto Rusizi, wakaona unaingia ziwani na hautoki. Mwaka 1874 Cameron akaufikia Lukuga, upande wa Kongo, mto ambao ndio mlango wa maji ya ziwa. Miaka hiyo mlango ulikuwa umezibwa na tope na majani, na maji yalikuwa yanapanda. Mwaka 1878 hivi kizuizi kikavunjika. Katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, alifuatilia kushuka huko. Ndo maana leo ukienda kwenye mnara wa Livingstone pale Ujiji unashangaa ufuko uko wapi.

Kwa hiyo karatasi zinatupa kimo cha maji, bei ya pembe na majina ya machifu. Hakuna aliyekaa akahesabu dagaa. Vipimo vya joto la maji marefu vinaanzia miaka ya 1912 na 1913, wakati wa safari ya daktari Mbelgiji aliyeitwa Louis Stappers. Mukeke wetu, wanaomwita migebuka huku Kigoma, kwa Kilatini anaitwa Lates stappersii kwa ajili yake. Uvuvi mkubwa wa meli na nyavu za kuzungushia ulikuja miaka ya 1950, ukianzishwa na Wagiriki upande wa Burundi, na takwimu za samaki zinazofaa kulinganishwa hazitangulii sana hapo. Nyuma yake, karatasi ni nyeupe.

Na sisi tuliotoka ng'ambo tunajua karatasi ilivyo. Wengi tulivuka bila hata cheti cha kuzaliwa. Mtu akikuambia thibitisha, unabaki na mdomo wako tu, na mdomo wa mkimbizi, tumeona sokoni, unachekwa hata na wajukuu.

Mafuta juu ya mchuzi

Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti yalitangaza habari inayofanana: Ziwa Tanganyika limepata joto, na joto hilo limepunguza chakula cha samaki. Kundi moja liliongozwa na Piet Verburg, jingine na Catherine O'Reilly.

Ili kuelewa, angalia mchuzi uliopoa. Mafuta yanakaa juu, maji chini. Ziwa letu ni hivyo pia: maji ya uvuguvugu yanaelea juu ya maji baridi na mazito. Mwanga wa jua, ambao mwani unauhitaji, uko juu. Mbolea, ambayo mwani unaihitaji vilevile, imezama chini pamoja na kila kilichokufa. Kinachovikutanisha ni upepo. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini yanapanda kujaza nafasi. Mbolea inafika kwenye mwanga, mwani unakua, wadudu wadogo wa majini wanaula, ndagala wanawala wadudu, mukeke wanawala ndagala, sisi tunawala wote.

Sasa maji ya juu yakizidi kupata joto, yanazidi kuwa mepesi, na upepo uleule hauwezi tena kuyachanganya kama zamani. Mbolea inabaki imefungiwa chini. Wavuvi wanatupa wavu palepale, usiku uleule wa giza, kwa taa zilezile, lakini chakula cha samaki kimepungua.

O'Reilly na wenzake walipima kaboni iliyomo kwenye tope. Kaboni ina aina nyepesi na aina nzito. Mwani hupenda nyepesi, lakini ukikua kwa wingi unaimaliza na kulazimika kuchukua nzito. Kwa hiyo ukipima kipande cha tope unajua mwani ulikuwa unakua kwa nguvu kiasi gani. Waliona ukuaji huo umeshuka kama asilimia 20, na wakakadiria kwamba maana yake ni samaki kupungua kama asilimia 30.

Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake wakarudi nyuma zaidi. Walitumia mafuta ya viumbe wadogo sana wa majini, ambao hubadilisha mafuta ya miili yao kadiri joto la maji linavyobadilika, na mafuta hayo yanabaki kwenye tope. Wakasoma joto la maji ya juu kwa miaka 1,500. Joto la miaka ya karibuni halikuwa na mfano katika muda wote huo. Na kila joto lilipopanda, mwani ulishuka.

Shahidi wa mwaka 2016

Lakini kesi haikuishia hapo, na ndivyo inavyotakiwa. Watafiti wengine walipinga. Walisema samaki wanapungua kwa sababu wanavuliwa mno, na mwani kupungua si sawa na samaki kupungua. Ni hoja nzuri. Hata pale sokoni ingepita.

Ndipo Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, ambaye amefanya kazi kwenye ziwa hili kwa miaka mingi, pamoja na wenzake, wakaacha kumhoji mwani na kuwahesabu samaki wenyewe. Magamba, meno, mifupa, kipande kwa kipande, kwenye sehemu tatu za ziwa. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kwenye sehemu mbili kati ya hizo tatu, mabaki ya samaki ya mwishoni mwa karne ya 20 yalikuwa machache kuliko wakati wowote katika miaka 1,000. Na ukifuatilia kama miaka 500, unaona jambo linajirudia: ziwa likipata joto, samaki na konokono wanapungua.

Lini, basi? Maji yalianza kupata joto bila kurudi nyuma yapata miaka 150 iliyopita, na samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa miaka ya 1950. Kabla ya injini, kabla ya nyavu za Wagiriki, kabla ya chandarua, kabla ya kambi yoyote. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Kwenye tope la maji marefu, 1996 iko kwenye sentimita za juu kabisa, na kushuka kumeanza chini yake kabisa.

Kuna jambo la pili waliloliona. Maji yasiyochanganyika vizuri yanafanya mpaka wa oksijeni upande juu. Sakafu ambayo zamani konokono na ostrakodi waliishi sasa haina hewa. Kwenye maeneo waliyopima, sakafu yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946. Na wengi wa viumbe hao hawapatikani popote pengine duniani. Wakiisha Tanganyika, wameisha.

Lakini tope halitusafishi

Nilipofika hapa nilifurahi. Nikajisemea, Jumamosi ijayo nina la kumwambia bwana wa mzigo. Kisha nikaendelea kusoma, furaha ikapungua, maana lile tope linalotutetea kwa samaki lina habari nyingine, nayo inahusu vilima.

Mwaka 1993 Cohen na wenzake walionyesha kwamba mbele ya vilima vilivyofyekwa, ambapo mvua inashusha udongo mwingi, aina za ostrakodi ni chache kuliko mbele ya vilima vyenye misitu. Baadaye walichukua nguzo za tope karibu na midomo ya mito, mingine ikitoka kwenye hifadhi kama Gombe na Mahale, mingine ikitoka kwenye vilima vya mashamba. Upande wa kaskazini, ambako watu ni wengi zaidi, tope lilianza kuongezeka mapema. Na kwenye nguzo kadhaa kuna ongezeko kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1961 na 1962 zilinyesha mvua kubwa mno, miaka ileile ya uhuru: Kongo 1960, Tanganyika 1961, Burundi 1962. Mvua zile zilivikuta vilima vimeshavuliwa nguo.

Udongo ukishuka unafunika mawe ambapo samaki wa miambani hutaga na kulisha, unafunika konokono, unachafua maji ya pwani. Hilo si joto la dunia. Hilo ni panga na moto wa mikono ya watu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika Uvira tuliona picha za nyumba zilizojaa tope, na wengi wetu tulikuwa na ndugu pale. Sehemu ya tope lile iliingia ziwani. Siku moja mtu atalikata na kuliona kama mstari mnene.

Hata kuni tunazokata kuzunguka kambi zinaingia kwenye hesabu hiyo, tukubali tusikubali. Maji ya huku yanaelekea Malagarasi, na Malagarasi unaingia ziwani.

Kwa hiyo tope linatenganisha makosa mawili ambayo sisi sokoni tuliyachanganya kwenye gunia moja. Kupungua kwa samaki wa maji marefu, ndagala na mukeke, kulianzishwa na joto, na joto hilo halikuletwa na mvuvi wa mtumbwi, awe wa Fizi, wa Rumonge au wa Kigoma. Kuharibika kwa pwani na mawe yake kunatokana kwa sehemu kubwa na vilima, na hapo kila upande una sehemu yake. Uvuvi wa kupita kiasi nao upo. Ziwa linalozaa kidogo linahitaji kuvuliwa kwa kiasi kuliko ziwa linalozaa sana. Anayetumia chandarua leo anachota kwenye sufuria ambayo tayari imepungua.

Ndiyo maana siwapingi wanaofunga ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa mpango unaozihusu nchi zote nne za ziwa, pamoja na Kongo, Burundi na Zambia. Miezi mitatu inampa samaki nafasi ya kuzaa. Ila haipozi maji. Mvuvi akiambiwa kwamba akivumilia miezi mitatu samaki watarudi kama wa enzi za babu yake, anadanganywa, na siku wasiporudi atatafuta wa kumlaumu. Sisi tunajua kidole hicho huwa kinaishia kwa nani. Afadhali aambiwe ukweli tangu mwanzo.

Nilivyomwambia mzee

Bwana wa mzigo sikumwona tena, huenda amebadilisha soko. Lakini kwa mzee wa Ubwari nilikwenda na yule kijana aliyemcheka. Tulikaa mlangoni kwake nikamweleza yote, mrija, risasi, magamba. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo tope linasema sikudanganya?"

Nikamwambia, "Babu, linasema hata wewe ulipozaliwa walikuwa wameshaanza kupungua."

Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Baba yangu alikuwa ananiambia hivyo. Tulikuwa tunarudi na mitumbwi imejaa, yeye anaangalia, anasema hizi si kitu, zamani ndo zilikuwa samaki. Tulikuwa tunamcheka." Akamtazama yule kijana, kijana akatazama chini.

Nimeona pia tope lina upungufu wake. Linajua gamba, halijui jina. Halijui ghuba ile iliitwaje kwa Kibembe, wala mwezi gani mukeke walikuwa wanasogea karibu na Ubwari, wala nani alishona lusenga la kwanza kijijini. Kiganja kile cha juu kabisa cha tope bado kina watu wake, na baadhi yao wanaishi hapa kambini, mstari wa tatu kutoka kwako. Tumeanza na madaftari. Kila Jumamosi baada ya soko vijana wawili wanakwenda kwa mzee mmoja na kuuliza: ulivua wapi, kwa wavu gani, mwezi gani, samaki gani waliacha kuja na ilikuwa mwaka wa nini. Wa kwanza kuandikwa ni mzee wa Ubwari, na anayeshika kalamu ni yule aliyemcheka.

Kama una mzee nyumbani aliyewahi kulala ziwani na karabai, tuambie tuje.